Aliyevuta Waya Darini

Jua lilikuwa linashukia upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, nilipokwenda kumwita fundi dishi. Nilifunga biashara mapema siku hiyo, nikapenya katikati ya malori yaliyolala foleni tangu juzi, nikawapuuza vijana wa kubadilisha pesa waliokuwa wakiniita, "Mama, kwacha! Kwacha, mama!" kana kwamba hawanijui. Nauza vitenge pale Tunduma. Wananijua vizuri sana.

Ulikuwa mwaka ule walipozima mitambo ya zamani ya televisheni. Antena zetu zikabaki za kutulia kunguru. Mimi peke yangu ningeishi bila televisheni, lakini ndani nilikuwa na mgonjwa. Mume wangu Zahoro alikuwa amelala chali sebuleni tangu Ramadhani iliyopita, upande wa kulia umepooza na ulimi umefungwa kabisa. Nikienda kwenye biashara anabaki peke yake anatazama dari. Nikaona bora atazame mpira.

Lazima niseme kidogo kuhusu Zahoro. Huyu alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa wakala wa forodha, kazi yake kubishana na madereva na maofisa kuanzia asubuhi mpaka jioni, na ile sauti yake nzito, ya kuburuza kama Wanyamwezi wenzake, ilikuwa inafika ng'ambo ya geti kabla yeye mwenyewe hajafika. Alinitongoza kwa sauti hiyo kule Urambo. Nilimpenda kwa kumsikia kabla sijamtazama vizuri usoni, na namshukuru Mungu maana kwa sura hakuwa mtu wa kuangaliwa mara mbili. Nilikuwa namtania hivyo, anacheka mpaka anakohoa. Kucheka kwake ndiko nilikokuwa nakukosa kuliko kitu chochote.

Daktari alisema ni presha. Nikaitikia, maana daktari ni mtu wa kuitikiwa. Lakini mimi ni mtu wa kushuku, hata chumvi naionja kabla sijainunua. Zahoro hakuwahi kuumwa hata kichwa mpaka tulipohamia nyumba ya mzee Boazi.

Mzee Boazi ni mkulima wa kahawa kule Iyula. Mpole, mtu wa kanisani, akiongea unalazimika kusogea ili umsikie. Alitupangisha nyumba yake ya mtaa wa Sogea kwa masharti mawili. La kwanza, chumba kimoja kilichopakana na sebule kilikuwa stoo yake, na ufunguo wa kufuli anao yeye. Hilo sikulishangaa, wenye nyumba wengi ndivyo walivyo. La pili, mtu yeyote asiingie darini wala kupitisha kitu huko.

"Nyaya za umeme huko juu zimechoka, mama," alisema. "Mtaungua bure."

Kila mwisho wa mwezi alikuja na mfuko wa pumba. Anaingia stoo, anajifungia kwa ndani, anatoka na mfuko mtupu. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, pumba za nini?"

"Za kuku, mama."

"Kuku gani? Mimi sijawahi kusikia jogoo humu."

Akacheka tu. Halafu akauliza habari za mgonjwa. Watu wote walikuwa wananiuliza Zahoro anaendeleaje, anakula, ananyanyuka? Mzee Boazi hakuuliza hivyo. Yeye alikuwa na swali lake moja.

"Hajaongea bado?"

Nikamwambia hajaongea. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaaga. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, na yale masikitiko sikuyaamini.

Basi nikamkuta fundi Osea kibandani kwake. Osea ni Mnyiha wa Mbozi, mlokole, anaimba kwaya huku anakaza nati.

"Mama, saa hizi?" akasema. "Giza linaingia."

"Saa hizi hizi. Wewe ukisema kesho nakujua, utakuja wiki ijayo."

Akacheka, akabeba ngazi na dishi, nikabeba king'amuzi. Njiani nilimwambia kwamba mume wangu anaumwa, amelala sebuleni, asimpigie kelele. Sikumwambia kwamba haongei. Sikuona kama fundi dishi anahitaji kujua hilo.

Alitazama anga, akatazama ukuta, akasema dishi litakaa nyuma ya nyumba, juu ya stoo. Waya utapita pale penye uwazi kati ya ukuta na bati, uingie darini, ushuke sebuleni kwenye tundu la taa. Nilikumbuka sharti la mzee Boazi. Nikajisemea kwamba waya mmoja hauwezi kumuua mtu.

"Kimashine changu cha kutafutia sigino kimekufa," Osea alisema akiwa juu ya ngazi. "Tutafanya kienyeji. Mimi nazungusha dishi huku nje, wewe ukae ndani utazame ule mstari wa mawimbi kwenye skrini. Nikiuliza imeshika, unanijibu."

Mafundi wengi wa kwetu ndivyo wanavyofanya. Mtaa mzima unajua siku nyumba yako inafungwa dishi. Imeshika? Bado! Imeshika? Bado! Mpaka mtu wa ndani apige kelele, hapo hapo!

Kabla hatujaanza, Osea akagundua amesahau misumari ya zege. Nikamwachia kazi, nikakimbilia duka la Fides, nyumba ya pili kutoka kwetu. Adhana ya magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Fides alikuwa anampimia mtu sukari.

"Unafunga dishi, dada Mwajuma? Hongera. Waya mnapitisha wapi?"

"Darini."

Mkono wa Fides ukasimama na ule upawa wa sukari.

"Darini kwa mzee Boazi?"

"Kwani kuna nini?"

"Hamna." Akamwaga sukari kwenye mfuko bila kuitazama mizani. "Hamna kitu, dada."

Nilimbana. Fides ana mdomo, mtaani wanamwita redio, lakini jioni ile alinifungia misumari kwenye gazeti kimya kimya na kumgeukia mteja mwingine. Nikatoka pale nimekasirika. Mtu akikuambia hamna kitu kwa uso wa namna ile, anakuwa amekuambia kila kitu isipokuwa jina la kitu chenyewe.

Nilimkuta Osea chini ya ngazi anakunja vifaa vyake. Anaimba.

"Mama, imeshika! Picha kama maji. Misumari nimepata mingine kwenye begi, nisamehe kwa kukusumbua. Mzee amenisaidia sana."

"Mzee gani?"

"Si mzee wa ndani. Amenisomea sigino vizuri kabisa. Bado, bado, rudisha kidogo, hapo hapo. Ana sauti mzee wako, hata kama anaumwa!"

Nilimtazama. Nilitaka kumpiga kwa ile misumari.

"Fundi, mizaha mingine siyo. Mume wangu haongei."

"Haongei vipi?"

"Haongei. Ulimi umefungwa. Hajatoa neno tangu Ramadhani."

Osea akaacha kucheka.

"Mama... mimi nimeongea naye."

Nikaingia ndani mbio. Nilikuwa na tumaini, sitaficha. Niliingia nikiwa namwomba Mungu nimkute Zahoro amekaa kitako ananicheka. Televisheni ilikuwa inawaka, kuna watu wanaimba taarabu. Zahoro alikuwa amelala vilevile nilivyomwacha. Alikuwa amenitolea macho, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka masikioni.

"Zahoro, umeongea?" Nikamwinamia.

"Zahoro, kama unaweza kuongea na unaninyima mimi, sitakusamehe."

Midomo yake haikucheza. Osea alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Na ule waya," akasema taratibu. "Ni wewe uliuvuta?"

"Waya gani?"

"Nilivyousukuma darini... ulivutwa. Kutoka ndani. Nikajua umerudi, umenisaidia. Nilipoingia kuuchomeka nikaukuta umeshashuka hapa, umeachwa urefu ule ule unaotakiwa."

Tulitazamana. Mimi nilikuwa bado namshuku. Nikafikiri labda kijana huyu ametumwa na mzee Boazi anitie hofu nihame. Nikafikiri labda Zahoro amekuwa ananidanganya miezi yote hii. Mtu akiwa na mashaka hachagui, anashuku hata aliyelala chali.

"Toka nje," nikamwambia. "Panda ngazi. Lipeleke dishi upande, halafu uulize tena."

"Mama, tuombe kwanza..."

"Uulize!"

Akatoka. Nikapunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho. Nikapiga magoti kando ya godoro, nikaweka vidole vyangu viwili juu ya midomo ya Zahoro. Ilikuwa mikavu, imefumbwa. Nilisikia bati likilia Osea alipoegemea ukuta. Skrini ikakatika picha, ikawa ya bluu.

"Imeshika?" Osea akaita.

Sikujibu.

Malori yalikuwa yananguruma mbali, barabarani.

"Imeshika?"

"Bado."

Midomo chini ya vidole vyangu haikusogea.

Sauti ilitoka juu. Juu yetu kabisa, upande wa stoo, nyuma ya silingi bodi. Na haikuwa sauti iliyofanana na ya Zahoro. Ilikuwa ya Zahoro, nzito, ya kuburuza, ile ile iliyonifuata Urambo toka kisimani mpaka mlangoni kwa mama yangu.

"Rudisha kidogo," ikasema. "Hapo hapo."

Picha ikarudi.

Kwenye tundu la taa, pale waya uliposhukia, ilikuwa inatoka harufu. Pumba. Pumba iliyolowa ikachacha.

"Zahoro?" nikanong'ona.

Kitu kilijikokota darini, taratibu, kutoka upande wa stoo, kikasimama juu ya kichwa changu. Vumbi jembamba likanidondokea usoni.

"Mwaju," ikasema. "Mbona umechelewa hivyo?"

Hakuna mtu mwingine duniani anayeniita Mwaju.

Nililia kwa sauti. Osea akaja mbio, akanishika bega akinisihi nisimjibu, nisimjibu. Alikuwa amepandisha tochi ya simu kule juu penye uwazi wa bati, akachungulia. Akanieleza. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na sahani ya bati yenye pumba. Na vumbi lilikuwa limejaa dari nzima, isipokuwa sehemu moja karibu na stoo.

"Sehemu gani?"

"Ya mtu kulala, mama. Urefu wa mtu."

Nikampigia simu mzee Boazi. Sikumsalimia. Nikamwambia tumepitisha waya darini na kuna mtu amejibu. Nilimsikia anavuta pumzi. Nilitegemea akane, au anitukane. Badala yake aliuliza kwa upole wake ule ule:

"Aliyejibu ni wa chini au wa juu?"

"Wa juu," nikasema.

"Basi msiongee naye zaidi. Na msimtoe mgonjwa humo ndani, umenielewa, mama? Mgonjwa asitoke. Mimi nakuja sasa hivi."

Akakata.

Kuniambia mgonjwa asitoke ndiko kulikonifanya niamue kumtoa. Kama mzee huyo anataka abaki, basi kubaki ni kifo. Nilimtuma Osea akamwite Fides, maana Fides ana shemeji mwenye gari, Noah. Fides akaja amejifunga khanga mpaka kichwani, akagoma kuvuka kizingiti. Sasa ndipo mdomo ulipomfunguka, palepale barazani, kwa kunong'ona.

"Mzee Boazi alikuwa na mdogo wake, Lusungu. Alikuwa anaishi humu humu. Siku moja tukaambiwa amekufa, wakamzika Iyula. Waliobeba jeneza walisema lilikuwa jepesi, dada. Watu wanasema hakuzikwa. Yumo humo. Amemfanya msukule wa kulinda nyumba."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ningekuambiaje? Wewe ungesema nina mdomo."

Kweli ningesema.

"Sasa mbona anaongea kwa sauti ya mume wangu?"

"Msukule anakatwa ulimi, dada Mwajuma. Hana sauti yake. Anaigiza ya mwingine. Hiyo siyo sauti ya mumeo, ni mtego. Wewe chukua mtu wako mtoke."

Osea akasema ndivyo hivyo hata kwao. Wakikuita kwa sauti ya unayempenda, usigeuke.

Walikuwa watu wawili wa eneo lile, waliozaliwa na mambo hayo. Mimi mgeni ningebisha na nini? Hata hivyo nilibisha moyoni. Nilirudi sebuleni peke yangu, nikasimama chini ya lile tundu.

"Kama wewe ni Zahoro," nikasema, "uliniambia nini siku ya kwanza, kule kisimani?"

Ikanijibu bila kusita, na nikasikia kabisa kwamba inatabasamu.

"Nilikuambia unaringa utadhani ndoo ni ya dhahabu. Ukanimwagia maji."

Nikakaa sakafuni. Osea alikuwa amesikia kutoka mlangoni.

"Mama, usidanganyike! Amekaa juu ya chumba chenu mwaka mzima. Kila mlichoongea kitandani amekisikia."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Mimi na Zahoro tulikuwa tunakumbushana habari ya kisima kila tulipogombana na kupatana. Yeyote aliyelala darini angekuwa anaijua kwa moyo. Nikaanza kuichukia ile sauti. Nikahisi nimechunguliwa, nimeibiwa maneno yangu ya ndani. Nikamgeukia mtu aliyelala kwenye godoro, nikamshika uso kwa mikono yote miwili.

"Na wewe, kama ni wewe Zahoro wangu, fumba macho. Fumba tu, nitaelewa."

Alinitazama muda mrefu. Halafu akafumba macho. Akayafumba kwa nguvu, machozi yakachuruzika.

"Mwaju," sauti ya juu ikasema haraka. "Mwaju, huyo siye."

Hapo nikaamua. Nikamwita Osea na yule shemeji wa Fides aliyekuwa amefika na Noah, wakamnyanyua mgonjwa na shuka lake. Mimi nilibeba nguo chache na dawa. Vitenge niliviacha, vyombo niliviacha, televisheni tuliiacha inawaka. Tulipofika mlangoni, darini kukaanza vishindo. Vilitufuata kutoka sebuleni mpaka barazani, vikakomea pale bati linapoishia.

"Mwaju, unaniacha na nani?"

Niliziba masikio.

"Mwaju... huku kuna giza. Mwaju, ananipa pumba. Mke wangu, usiniache na huyu mzee!"

Alikuwa analia. Sijawahi kumsikia Zahoro akilia, hata mama yake alipofariki. Nilisimama pale uani, mguu mmoja kwenye gari. Nilikuwa nusu ya kurudi. Wallahi nilikuwa nusu ya kurudi.

Ndipo aliyelazwa kwenye kiti cha nyuma akanishika mkono. Akanishika kwa mkono wa kulia, ule uliopooza, akanikaza mpaka kucha zikaniingia. Alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, na macho yake yamejaa hofu kama ya mtu anayerudishwa gerezani.

Mkono wa kulia! Nikaona ni muujiza. Nikaona mume wangu anapona kwa kuvuka tu kizingiti cha nyumba ile. Nikapanda, nikafunga mlango, nikamwambia dereva aondoke. Sauti ile niliendelea kuisikia mpaka tulipofika barabara ya lami, na baada ya hapo ngurumo za malori zikaifunika.

Tulikwenda Vwawa. Atuganile, mteja wangu wa vitenge, muuguzi mstaafu, alitupa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Na kweli mgonjwa akapona. Siku zilivyokwenda alikaa, akasimama, akatembea kwa fimbo. Anakula vizuri. Anapenda kukaa uani kwenye jua la asubuhi, anashika udongo, anaunusa, anatabasamu. Zahoro alikuwa mtu wa mjini, udongo alikuwa anaukung'uta kwenye viatu. Nilimwambia Atuganile, akasema ugonjwa ule unabadilisha watu. Nikaitikia.

Kuongea tu ndiko hakuweza. Nilikuwa nakaa karibu naye jioni namsimulia habari za Urambo, ili ulimi ukumbuke njia. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu. Kwa adabu, ndiyo. Nilipokuwa nacheka, alikuwa anachelewa kidogo kucheka, kama mtu anayesikia kisa kwa mara ya kwanza.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa nachambua mchele. Atuganile alipita uani akamsalimia mgonjwa kama kawaida yake, kwa Kinyiha, kwa mazoea tu.

Akamjibu.

Nilisikia ungo ukidondoka kabla sijajua kwamba nimeuachia. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kijana, yenye mikwaruzo ya kutotumika. Sijawahi kuisikia maishani mwangu. Ilikuwa inatoka kwenye kinywa cha Zahoro, inazungumza Kinyiha mfululizo, bila kuvuta pumzi. Zahoro hajui Kinyiha. Hata kuomba maji hajui.

Atuganile mwanzoni alifurahi, akapiga vigelegele. Halafu akanyamaza, akainama amsikilize vizuri.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anakuomba msamaha, mwanangu." Uso wa Atuganile ulikuwa umekunjamana. "Anasema ulimuuliza akafumba macho, akakosea, lakini alikuwa amechoka sana. Anaomba usimrudishe kwa kaka yake."

Akanigeukia. "Kwani mumeo ana kaka?"

Zahoro ni mtoto wa pekee. Mwenye kaka alikuwa Lusungu.

Siku ile ile nilipanda gari kwenda Tunduma. Nyumba ya Sogea ilikuwa imeezuliwa. Bati hakuna, silingi bodi hakuna, kuta tupu, dishi langu limelala kwenye majani. Fides alisema mzee Boazi alikuja na Canter, akapakia mbao zote za dari kwa mikono yake bila kumruhusu mtu kumsaidia, akazifunika kwa turubai, akaenda nazo Iyula. Nilisimama katikati ya sebule ile isiyo na juu, nikaita jina la mume wangu mpaka watu wakajaa barabarani. Hakuna aliyeitika.

Sasa nazunguka Iyula. Nabeba vitenge kichwani, najifanya natembeza biashara kwenye mashamba ya kahawa, napita nyumba kwa nyumba, na kila penye ghala nasimama nataja jina lake kwa sauti ya chini. Wananiona nimechanganyikiwa. Mzee Boazi nilikutana naye mara moja njiani. Alinisalimia kwa upole, akauliza kama mgonjwa ameongea.

Yule mwingine yuko Vwawa, nyumbani. Anajifunza kuongea Kiswahili upya. Ananipikia chai nikirudi, ananitua mizigo, ni mtu mwema, na usiku namsikia akilia peke yake chumbani mwake. Namhurumia. Lakini kila nikitoka namfungia mlango kwa nje, na ufunguo nautia kifuani. Mwili ule ni wa Zahoro, na siku nitakayompata mwenyewe, atauhitaji.